Leseni ya Boha ya Mama

Nilisoma hadi kidato cha nne Korogwe, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye kinu cha miwa cha mama yangu. Nalitanguliza hilo kwa sababu wapo wazee wenzangu hapa Handeni ambao hadi leo hunikumbuka kama yule Mwislamu aliyeomba leseni ya kuuza pombe, basi, hawana lingine la kunikumbuka. Niliomba. Ningekuwa na nguvu ningeomba tena kesho. Nimekosea mengi katika jambo lile na nitayasema, lakini kuomba leseni si mojawapo.

Boha ni pombe ya miwa. Miwa humenywa, ikakatwa vipande, ikatwangwa kinuni na kukamuliwa. Maji yake hutiwa tunda la mwegea lililokaushwa, yakawekwa mtungini karibu na jiko mpaka yachachuke. Mama alijifunza kwa mama yake. Baba alipofariki alituachia shamba la mahindi na jua, na jua ndilo lililokuwa likivuna kila mwaka. Mama akalea kwa boha. Aliswali, alifunga, na mwezi wa Ramadhani kinu kililala kifudifudi hadi Idi. Nani alikuwa na haki ya kumhukumu zaidi ya Mungu wake, mimi sijui.

Serikali ilikuwa nayo haki hiyo, kwa kuwa hakuwa na kibali. Kwa hiyo mama hakuwahi kutengeneza boha nyumbani kwake. Aliificha korongoni, kwenye vichaka vya miiba, miwa akiibeba kichwani kwenda na mitungi akiibeba kurudi, huku akisikiliza nyayo za mgambo. Walipomkuta walivunja mitungi na kumtoza faini. Alikuwa akianza upya bila kulalamika, na kutolalamika kwake ndiko kulikoniuma. Nilitaka jambo moja tu: mama atwange miwa uani kwake, mchana, watu wakipita.

Mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya cha Kwedizinga, jambo hilo likawa la lazima. Nyumba zilipangwa mistari kama mkonge, mlango kwa mlango, na korongo likabaki mbali huko tulikotoka. Hapakuwa tena na pa kujificha. Mimi wakati huo nilikuwa nimeacha ukarani kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe, nimefungua duka la chumvi, sabuni, mafuta ya taa na viberiti. Lilikuwa na chumba cha pili, kitupu. Nikaamua chumba kile kiwe cha boha, kwa leseni, jina la mwombaji likiwa langu na mtengenezaji akiwa mama.

Balozi wa nyumba kumi alikubali. Bwana afya alikuja kwa baiskeli, akatazama chumba, akaniambia hapana choo, hapana leseni. Nikaanza kuchimba choo. Hapo ndipo mtani wetu alipoingilia.

Alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa na mkonge akiwa kijana, manamba kama walivyoitwa, mkataba ukaisha, yeye akabaki. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani ana haki zake. Alikuwa rafiki wa baba. Baba alipozikwa, yeye ndiye aliyejilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, waliokuwa wakilia wakacheka. Dukani kwangu alichota ugoro bila kuuliza wala kulipa, na mimi nikimkuta na jembe zuri nilikuwa na haki ya kuondoka nalo. Mtani hasemeshwi kwa adabu. Anasemeshwa kwa matusi, na anayekasirika ndiye mwenye kosa.

Alikuja na sepetu yake, akaingia shimoni bila kuitwa.

"Chimba kwa adabu," mama alimwambia. "Hapo si kwenu Unyamwezi, mnakojisaidia mkitembea na mizigo kichwani."

"Mimi nachimba kaburi la Mzigua," alijibu kutoka chini. "Mumeo alilala wima kwa ubahili, huyu mwanao atalala kichwa chini."

"Utatangulia wewe."

"Nikitangulia nani atakunywa uchafu wako? Mbuzi?"

Choo kilikwisha kabla ya bwana afya kurudi, naye akakipitisha.

Baraza la leseni lilikaa Handeni, kwenye ukumbi wa mahakama ya mwanzo. Utaratibu ulikuwa mwombaji anasimama, mwenyekiti wa baraza anauliza kama kuna mwenye pingamizi, na pingamizi likiwapo linaandikwa na mwombaji analijibu. Tulikwenda kwa lori watu wengi wa Kwedizinga. Mama hakuja. Nilivaa shati jeupe na tai niliyobaki nayo tangu shule, na nikawa nimejiandalia maneno.

Mwenyekiti wa baraza hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa amehamishiwa Handeni karibuni kutoka upande wa kusini, mtu mpole, mwenye kalamu nzuri. Akasoma ombi langu. Akauliza: "Kuna mwenye pingamizi?"

Ukumbi ukanyamaza. Kila mtu alinitakia mema, na kimya kile kilikuwa kizuri. Kikarefuka. Sasa mtu aliyezaliwa kwetu anajua: jambo kubwa la mtu wako haliwezi kupita hivi hivi, mtani akiwapo, bila mtani kulitemea mate. Likipita kimya ni kama ameliombea nuksi. Mtani wangu alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akasimama kule nyuma.

"Mheshimiwa, mimi napinga."

"Sema."

"Mzigua huyu asipewe. Boha ya mama yake ni maji ya kuoshea masufuria. Mwaka jana mbuzi wangu alilamba mtungi wake, akaanza kusema Kizigua. Mpaka leo hatuelewani."

Watu wakaanza kucheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliandika.

"Huyo mbuzi alikufa?"

"Heri angekufa, mheshimiwa. Anadai urithi. Tena huyu mwenye duka mkimpa leseni atauza boha na wanywaji pamoja. Ndiyo kazi ya ukoo wao. Njaa ilipokuja, babu zao walijiuza wenyewe kwa kibaba cha mtama, na wakadai chenji."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Wazigua ndio waliocheka zaidi, maana hayo tunaambiwa kila msiba na tunayajua kwa moyo. Mwenyekiti wa baraza akanyanyua kalamu, akanitazama.

"Unajibu nini?"

Jibu lilikuwepo. Ningesema, "Mheshimiwa, huyu alibeba pembe za ndovu za watu hadi pwani akarudi na kipande cha kaniki, asikilizwe kama punda anavyosikilizwa," na ukumbi ungecheka tena, na mwenyekiti angeuliza kulikoni, na angeambiwa. Lakini nilikuwa nimevaa tai. Niliwaona wale wakubwa mezani na madaftari yao, nikaona haya. Niliona haya kwa watu wangu, kwa mbuzi anayesema Kizigua, kwa kicheko kile cha vijijini. Nilitaka baraza lijue kwamba mimi si mmoja wao. Nikasema, kwa Kiswahili kilichonyooshwa kwa pasi:

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba maneno ya mtu huyu yasihesabiwe. Ni manamba aliyeachwa na mkonge. Ni mlevi. Hana nyumba ya maana wala hadhi ya kusema mbele ya baraza hili."

Kicheko kilikatika. Mtani wangu alibaki amesimama kidogo, kama mtu anayengoja sehemu iliyobaki ya maneno. Haikuja. Akaketi.

"Mlevi," mwenyekiti alirudia, akiandika. "Analewa kwa kinywaji gani?"

Mkono wangu ukaenda kwenye tai.

"Ni mteja wa mama yako?"

"Anakunywa kwetu, mheshimiwa."

"Kabla ya leseni."

Akafunga jalada. Alisema, bila ukali wowote, kwamba mwombaji mwenyewe amelieleza baraza kuwa mama yake anauza pombe bila kibali na kwamba wanaoinywa wanaharibika. Ombi likakataliwa, nikaambiwa naweza kuomba tena kikao cha mwaka unaofuata.

Kwenye lori la kurudi mtani alikaa mbele yangu, mgongo wake ukigusa magoti yangu kila tulipopita shimo, na kila ulipogusa alisema, "Samahani, bwana."

Mama aliposimuliwa hakuuliza habari ya leseni. Aliendelea kupepeta mahindi. "Umemwita nani mlevi?" akauliza. Nikamwambia. "Aliyemlalia baba yako kaburini." Akapepeta tena. "Shule nilikulipia mimi. Basi na hili nimelilipia mimi."

Kesho yake mtani alikuja dukani. Alibisha hodi, mtu ambaye hakuwahi kubisha hodi. Alisimama nje ya meza. "Habari za asubuhi, bwana mwenye duka. Naomba ugoro wa senti kumi, tafadhali." Akaweka senti kumi mezani. Nikamwambia achote tu. Akasema ahsante, haitakuwa vizuri. Alipokea kwa mikono miwili, akaaga. Kwa miezi yote iliyofuata alinisemesha vivyo hivyo, kwa heshima isiyo na doa, na sijapata kutukanwa na mtu yeyote kama nilivyotukanwa na heshima ile.

Mgambo walikuja kabla mwezi haujaisha. Hawakuwa na haja ya kupeleleza, maana maneno yalikuwa yameandikwa Handeni kutoka kinywani mwangu. Walikuta mitungi miwili ya boha ambayo mama, kwa kukosa korongo, alikuwa ameificha nyuma ya duka, kwenye chumba kile kile kilichopitishwa na bwana afya. Mara hii haikuwa faini. Mama alipelekwa mahabusu Handeni, kisha akafungwa, akafyeka nyasi za boma pamoja na wanawake wengine, mvua ikiwanyeshea. Nilikwenda kumwona siku za kuruhusiwa. Kila nilipofika nilikuta ameshaletewa chakula. Mtani wangu alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Kwedizinga na ugali kwenye kitambaa, anasimama kwenye uzio, anamtukana.

"Jana amesema nyasi zimekatwa vibaya hata ng'ombe wa Mmasai hazitaki," mama aliniambia. Alikuwa anakohoa, lakini alikuwa anacheka. "Amesema Serikali ipewe pole kwa kunilisha."

Alitoka na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Hilo ni langu. Nimewahi kuwasikia watu wakinifariji kwamba mgambo wangekuja tu, leo au kesho. Huenda. Lakini waliokuja walikuja kwa mdomo wangu.

Siku ya tatu baada ya kurudi, mama aliniita uani. "Nenda kamwibie."

"Nani?"

"Unamjua. Ana jogoo mwekundu. Nenda mchana, akikuona."

Nikaenda. Alikuwa amekaa mlangoni kwake akisuka kamba ya katani. Sikutoa salamu. Nilimkamata jogoo kwenye ua, jogoo akapiga kelele kijiji kizima kikasikia, nikamweka kwapani. Mtani aliacha kusuka. Nikamwambia, "Jogoo huyu amechoka kukaa na mtu aliyezaliwa chini ya mzigo. Anakwenda kukaa kwa waungwana, achinjwe kwa heshima."

Nilifikiri atasema, "Chukua tu, bwana," na kama angesema hivyo sijui ningefanyaje. Akasimama, akaokota fimbo.

"Mjukuu wa kibaba cha mtama," alisema. "Weka kuku wangu chini."

Nikakimbia. Alinikimbiza kati ya mistari ya nyumba hadi uani kwetu, akitukana ukoo wangu mmoja mmoja, watoto wakifuata nyuma. Mama alikuwa ameshaweka maji jikoni. Tulimla yule jogoo sote watatu, na mtani akalalamika kwamba ana mifupa mingi kama Wazigua. Hatukuzungumza habari ya tai wala baraza. Mimi nilitaka kuomba radhi, maneno yakiwa mdomoni kabisa, mama akaniwahi kwa kunipa shingo ya jogoo. Baadaye nilielewa kwamba radhi ingekuwa adabu nyingine.

Nikaomba leseni tena. Safari hii mwenyekiti wa kijiji chetu alikuja dukani kunizuia. Alikuwa Mzigua mwenzetu, mtu wa Chama, si mbaya.

"Ndugu, liondoe ombi lile," alisema. "Kijiji ni cha ujamaa. Pombe ikiuzwa, kiuze kilabu cha kijiji. Mama atawafundisha wanachama, watapokezana zamu."

"Shamba la pamoja nalima, ndugu mwenyekiti. Umepata kunikosa?"

"Sijakukosa."

"Basi kinu cha mama si shamba la pamoja."

"Utasemwa kuwa bepari."

"Kwa kinu?"

"Kwa ubishi."

"Kwa hilo niandike," nilimwambia.

Kikaoni mwenyekiti wa baraza alikuwa yule yule, na mama safari hii alikuwepo, amekaa mbele, mdomo ameufunika kwa kanga kwa ajili ya kikohozi. Sikuvaa tai. Likaja swali la pingamizi. Mwenyekiti wa kijiji alisimama, akasema habari ya ujamaa na mfano mbaya kwa vijana, akasema vizuri. Kabla hajaketi, mtani akasimama kule nyuma.

"Na mimi bado napinga. Yule mbuzi sasa ameanza kuswali."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa baraza akageukia kwangu, kalamu juu, na nikaona kwamba ananikumbuka.

"Mheshimiwa," nikasema, "mtu yule alifika pwani na pembe ya ndovu kichwani, akaulizwa anataka malipo gani, akaomba aongezewe mzigo. Mbuzi anamzidi dini na akili. Ni mtani wangu. Alimzika baba yangu, na akipenda Mungu atanizika mimi. Mwaka jana nilimwita mlevi mbele yako. Nilisema uongo."

"Kwa nini hukusema ni mtani?"

"Niliona haya."

Aliniangalia, kisha akamwangalia mtani, ambaye alikuwa akiwaeleza jirani zake kwamba pembe zilikuwa mbili. "Hata kwetu wapo," mwenyekiti alisema, akapitisha mstari kwenye karatasi. "Na hili la ndugu mwenyekiti wa kijiji?"

Nikamgeukia. Sikutaka kumfedhehesha, lakini sikuja pale kumpamba.

"Ndugu mwenyekiti, ulipomwoza binti yako, wakwe walikunywa nini?"

Akakuna kidevu. "Boha."

"Ilitoka wapi?"

"Unajua ilipotoka."

"Baraza halijui."

"Ilitoka kwa mama yako."

"Na mvua ilipogoma, wazee wakaenda kutambika, walimwaga nini?"

Mwenyekiti wa baraza akaingilia, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: "Ilikuwa nzuri, hiyo ya harusi?"

"Ilikuwa nzuri," mwenyekiti wa kijiji alisema, akaketi.

Nilimaliza kwa kusema kwamba mama alifungwa kwa kazi ambayo kila mtu katika ukumbi ule ameila na kuinywa, na kwamba kama ni kosa basi tufyeke nyasi sote. Pengine nilipaza sauti. Sijutii. Wakubwa waliinamiana mezani, wakanong'onezana, wakakubali: boha tu, chumba kimoja, mwaka mmoja, ukaguzi wa bwana afya wakati wowote.

Yaliyofuata miaka ya baadaye, maduka ya watu binafsi yalipofungwa na langu likiwamo, ni habari nyingine. Tulipata tulichokitaka, kwa muda tuliokipata.

Mama hakujua kusoma. Siku leseni ilipoletwa alinikalisha uani akaniambia nimsomee yote, hata mihuri. Nikasoma. Nilipofika kwenye saa, nikasoma kwamba kuuza kutaanza saa kumi jioni.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hiyo ni kuuza. Kutwanga je?"

Nikaipitia karatasi juu mpaka chini. "Kutwanga hakukutajwa."

"Vizuri," alisema, akafunga kanga kiunoni.

Asubuhi iliyofuata kijiji kilikuwa na mkutano mkubwa, na uwanja wa mkutano ulipakana na ua wetu. Mwenyekiti alikuwa ndiyo kwanza amesimama kusoma malengo ya kilimo. Mama, kwa kifua kile, hakuweza kutwanga peke yake, kwa hiyo aliwaita wanawake watatu, akaweka kinu katikati ya ua, mahali ambapo mtu yeyote uwanjani angekiona, na wakaanza kupokezana mchi. Mwenyekiti akapaza sauti. Wakaongeza kasi. Akanyamaza, akatazama upande wetu, na watu wote wakatazama.

"Mama," aliita kutoka uwanjani, "shikamoo. Hamwezi kungoja tumalize?"

"Marahaba, mwanangu," mama alijibu, akikohoa, mkono ukiwa juu ya kinu. "Nimengoja miaka mingi. Wewe endelea kusoma, tunakusikia."

Akaendelea kusoma, kwa sauti kubwa, na miwa ikaendelea kutwangwa.